Rangi ya Mulango

Mbugangari, Gisenyi

Kwa yaya yangu mupenzi, kaka yangu Mudathiru, kule Kigoma,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe, namusalimu bibi yako, nasalimu watoto na wajukuu, hata ile paka yenu munasema inakula samaki kuliko watu. Magoti yako iko namna gani? Ile dawa ya kuchua nilikutumia, uliipaka ao uliiweka ku dirisha uitazame? Nakujua. Mimi niko muzima. Sukari inapanda na kushuka, lakini natembea, nakula, na meno yangu ya mbele iko yote. Belyse, mujukuu wangu mwenye kukaa na mimi, anakupigia magoti. Mvua inanyesha vizuri. Ziwa iko pahali yake.

Nakuandikia kwa mukono yangu mwenyewe. Belyse alitaka kuniandikia, nikakataa, kwa sababu amesoma sana, angelainisha maneno yangu kama uji ya mugonjwa. Herufi yangu imepinda, wewe soma hivyo hivyo. Tena usinipigie simu kama hujafika mwisho. Ku simu wewe unasema naam, naam, halafu rezo inakatika pale pale mutu anaanza kusema kweli. Barua haikatiki. Kaa chini, vaa miwani, mwambie bibi yako azime televizyo.

Bon. Habari ni ya ngoma.

Uliniambia umri imekwenda, na mbele ya kufa unataka ngoma ya baba ifike Kigoma, ikae ku ukuta ya Rashidi mwana wako, huyu munamuita Ricky kama muchezaji wa mupira. Ukasema nitafute fundi aipake kijani mupya, yenye kung'aa, kwa sababu kijani ndiyo rangi baba alichagua, rangi ya maulidi. Ukasema Faradji dereva ataipakia ku kamyo yake. Tena mwishoni ukaongeza nichunge wanawake wasiishike-shike. Yaya, wewe ni mukubwa wangu na nakuheshimu, lakini neno ile ya mwisho niliisikia. Si mara ya kwanza. Nilipokuwa mudogo niliigusa siku moja tu, ukanipiga ku vidole na fimbo ya chuo ya Kurani, ukasema ni ngoma ya wanaume. Mi nilikuwa na miaka ya kuchezea udongo. Sikusahau.

Nikaitoa mu stoo. Usilie nikikuambia hali yake. Tangu ile siku volkano ilitikisa udongo, ukuta ya stoo ilipasuka, na matofali ikaanguka juu yake. Ngozi ilikufa zamani. Mi niliweka ubao juu, nikawa naikalia nikimenya viazi. Usinifokee. Uliiacha hapa, ukaenda Tanzania, na miaka yote hukuuliza kama imekula. Ngoma haina ngozi, haina mwenyewe, basi ni kiti.

Fundi nilimupata ku Mahoko, anaitwa Bizumuremyi. Anatengeneza vitanda na kabati. Ni mulokole, anaimba nyimbo ya kanisa akipiga randa, na akisema anakuja kesho, wewe pika chakula ya watu wa nyumba tu. Siku alipokuja kweli, aliizungusha ngoma, akaigonga-gonga, akaniambia huwezi kupaka rangi juu ya rangi yenye kubanduka, ni kama kumuvalisha mutu shati juu ya upele. Akasema ataleta soda, ile ya watu wa sabuni, itakula kijani yote, halafu atapaka mupya. Nikamuambia alete anachotaka, mradi asiimbe saa ya swala.

Lakini mbele ya kuweka soda alitaka kujaribu pale tofali ilipiga. Akachukua kipande ya kioo, akakwangua. Yaya, ile kijani haikutoka unga. Ilitoka maganda, kama yai ya kuchemsha. Na chini yake ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya rangi ya duka. Ni nyekundu ya chai ya rangi ukiinyanyua mbele ya jua, mutu anaona mpaka ndani, anaona mishipa ya muti. Bizumuremyi akanyamaza kuimba. Akasema hii ni verni ya zamani, ile vanishi ya kupakwa na mikono, na soda ikiingia hapa itakula vyote, kijani na nyekundu pamoja. Nikamuuliza kama baba alipaka mara mbili. Akanijibu kwamba yeye ni fundi wa vitanda, si nabii.

Nilishika simu nikuulize. Nikaiweka chini. Nilijua utasema kijani. Basi nikamuambia fundi atoe kijani yote na nyekundu ibaki. Kama unahesabu makosa ya adabu yangu, anzia hapo.

Ilikwanguliwa polepole, na vioo, na mugongo ya kisu. Ilipoisha tukaona ile verni ilikuwa mugonjwa. Pahali unyevu ilikaa, ilikuwa nyeupe kama maziwa imemwagika. Pahali pengine ilipasuka-pasuka kama kisigino ya mutu wa shamba. Pale tofali ilipiga, ilikuwa kidonda mpaka ku mbao. Tena chini ya pete ya juu, ile inashika ngozi, upande wa kushoto, ilikuwa mistari mingi midogo, imelala pamoja, kama paka alinoa kucha. Nikamuambia fundi sitaki kuona makwaruzo. Nataka ing'ae. Akasema sawa.

Dawa yake, yaya, ni spiriti. Verni ya namna ile inayeyuka na spiriti, halafu inajiponya yenyewe. Unafunga pamba mu kitambaa, unailowesha kidogo, unapitisha mukono bila kusimama. Ukisimama, kitambaa inashika na kung'oa ngozi ya verni. Na saa hiyo yote unafunga mulango na madirisha, kwa sababu vumbi ikikaa juu ya verni mubichi haitoki tena. Mi mwenyewe nilipitisha kitambaa. Mukono yangu haikusimama. Bizumuremyi alisema wanagenzi wake wote wangefukuzwa nikija kuomba kazi. Alikuwa anataka chai, lakini alisema kweli.

Sasa fikiri wewe mwenyewe. Mulokole hagusi pombe. Mimi sijawahi kugusa pombe tangu nizaliwe. Spiriti ya famasi inanuka kama pombe. Basi yeye akiona haya kuibeba mbele ya watu wa kanisa yake, akaifunga mu gazeti. Watu wa hapa Mbugangari wakaona mwanaume anaingia kwa mujane na chupa imefungwa mu gazeti. Mulango inafungwa. Madirisha inafungwa, na jua iko. Halafu harufu inatokea chini ya mulango. Na ndani wanasikia mutu anaimba.

Yewe! Yaya, hawakuchukua wiki. Ku bomba ya maji wakasema Kaltumu ameanza kunywa. Muuza mukate akasema hapana, ameanza kuolewa. Belyse alirudi nyumbani analia, ananiomba niache ile ngoma, kwa sababu wasichana wenzake wanamuuliza kama mimi, tate wake, naonja kavu ao nachanganya na Fanta. Nikamuambia afute machozi na afunge mulango, vumbi inaingia.

Halafu wanawake wa musikiti wakaja. Wamebeba sukari na sabuni, kama watu wenye kwenda kumuona mugonjwa. Waliniuliza habari ya presha, habari ya usingizi, na mumoja akanusa gilasi yangu akifikiri simuoni. Nikawaambia waingie wote, wanuse mpaka godoro, halafu tukunywe chai. Aliyewaongoza ni Mukamusoni. Labda umemusahau. Ni muzee kutupita wote, aliishi miaka mingi kule Sake, alirudi sasa hivi tu kukaa kwa mujukuu wake. Macho yake imekwisha, lakini pua iko nzima, ndiyo maana walimuweka mbele.

Mukamusoni hakuuliza kama nakunywa. Aliomba ashikwe mukono apelekwe ku kitu inayonuka. Bizumuremyi alisimama na kitambaa yake kama mutu amekutwa anaiba. Yule muzee akaweka vidole ku ngoma, akaizunguka, akafika ku kushoto, chini ya pete. Pale fundi alikuwa amekwisha kuyeyusha nusu ya ile mistari, na nusu ilikuwa bado. Vidole yake ikapita ku mistari, ikafika pale iko laini, ikarudi, ikapita tena. Akauliza kwa ukali ni nani amefuta vikuku ya Mwamini.

Nikamuuliza Mwamini gani. Akasema mama yako, we mutoto, ao unajua Mwamini mwingine mwenye ngoma?

Nilifikiri ni uzee. Nikamuambia kwa heshima kwamba hii ni ngoma ya marehemu Abdu, baba yetu, aliyepiga ku maulidi. Yaya, yule mwanamuke alicheka mpaka wakamushika asianguke. Akasema Abdu alikuwa mutu muzuri sana, lakini hata kupiga makofi alikuwa nyuma ya watu wote, na ku harusi walimuomba akae tu.

Sasa sikiliza vile alisema. Mi nakuandikia kama nilivyosikia, sikuongeza.

Ile ngoma ilikuwa ya askari wa Wabeleji, waliitupa kule Bukavu, mujomba wa mama akaileta. Mama aliipiga na mukono moja na fimbo moja. Mukono ya kushoto ilikuwa na vikuku ya shaba mpaka karibu ku kiwiko, na kila akipiga, vikuku inakwaruza verni na kulia pamoja na ngoma. Wanawake wa mutaa walikuwa na chama yao, na mama ndiye alikuwa mbele. Harusi ya hapa, harusi ya Goma, walikuja kumuomba. Mukamusoni alikuwa musichana tu, kazi yake ilikuwa kutembea nyuma na kubeba ngoma. Na baba alikaa inje na wanaume wenzake, anatikisa kichwa kwa furaha. Watu walimuuliza kama haoni haya. Akasema haya gani, mbona wote mumekuja kumusikiliza.

Halafu wewe, yaya, ukapelekwa chuoni. Watoto wakakutungia wimbo. Mukamusoni anaijua bado, aliniimbia: mama yako anapiga ngoma, baba yako anapika ugali. Siku moja ulirudi na kanzu imepasuka. Ukatupa ubao yako mu jiko. Ukasema hurudi chuoni mpaka ile ngoma ichomwe, na ukakataa chakula ya mama, ukasema mukono yake ni ya mupiga ngoma. Baba akachukua mukanda. Mama akamushika, akamuambia mutoto hapigwi kwa sababu ya haya watu wamemupa inje.

Kesho yake alichukua rangi iliyobaki ya mulango. Unaikumbuka mulango yetu ya kijani? Ndiyo hiyo. Akakaa mu kiwanja, akapaka ngoma yeye mwenyewe, juu ya verni, juu ya makwaruzo, juu ya vyote. Mukamusoni alikuwa hapo, alishika kopo. Akasema mama hakulia, aliuliza tu kama imeenea vizuri chini ya pete. Halafu akakuita, akakuonyesha. Akakuambia tazama, ile ya mama haiko tena, hii ni ya baba yako, ni ya maulidi, ni ya wanaume, nenda uwaambie. Na wewe ukaenda ukawaambia. Na wenzake mama akawakataza wasiseme kitu nyumbani, milele. Basi hawakusema, mpaka wakafa wote, akabaki huyu mumoja, na yeye alifikiri watoto wa Mwamini walikwisha kujua.

Mimi nilikuwa tumboni. Ndiyo maana sikuona nyekundu hata siku moja.

Unakumbuka mama akichagua muchele ku sinia? Vidole yake ilikuwa inapiga-piga, taratibu. Wewe ukiingia, ananyamaza. Mi nilifikiri anakuheshimu kwa sababu wewe ni mwanaume.

Ile kikuku moja ya shaba alinipa nikiolewa, niko nayo ku mukono. Wageni walipoondoka niliiweka ku mistari yenye imebaki. Sina haja ya kukuambia vile iliingia.

Nilimuambia Bizumuremyi asiguse tena upande ule. Alibisha. Alisema watu wataona makwaruzo, watasema fundi wa Mahoko hajui kazi. Nikamuambia aache waseme, mi wamekwisha kunisema mulevi na sijafa. Akapitisha verni nyepesi juu, ili mistari ikae ndani yake kama mududu mu asali. Kidonda ya tofali alijaza, imeponyeka, lakini ukijua pahali utaiona. Ile nusu ya mistari imefutwa, imefutwa. Mimi ndiye nilitaka ing'ae. Hiyo ni yangu, sikutupii wewe.

Tukavalisha ngozi ya mbuzi, ikakauka. Nikamuita Mukamusoni. Alipiga wa kwanza, na mulango ilikuwa wazi, na watu wa bomba wakaacha ndoo zao. Halafu Belyse akapiga, yule yule aliyelia. Yaya, yule mutoto anajua. Sijui alijifunzia wapi. Mukamusoni aligeuza sikio, halafu akaniuliza huyu ni nani. Mwishoni wakanipa mimi. Nilikuwa nyuma ya watu wote. Hata Bizumuremyi aliona haya, akatazama viatu yake.

Sasa maneno yetu sisi wawili. Ulikuwa mutoto, na mutoto hana deni. Baba hakukupiga na mama hakukulaumu, basi mimi nani? Lakini leo wewe ni muzee mwenye ndevu nyeupe, wajukuu wanakushika mukono kuvuka barabara, na bado unaniambia wanawake wasiguse. Hiyo si ya mutoto tena. Hiyo ni yako.

Kwa hiyo Faradji nimemupa barua hii na samaki sambaza ya kukausha. Ngoma sikumupa. Alikuwa amekwisha kuitengenezea pahali ku kamyo, alinuna, nikamuambia apakie mananasi.

Kama unaitaka, kuja mwenyewe. Magoti yako ya kupanda basi ninayajua, kuja nayo hivyo hivyo, polepole. Belyse atakungoja ku stasyo na ngoma. Tutakuvalisha mukanda yake ku shingo, na utatembea nayo mpaka nyumbani. Utapita mbele ya musikiti na mbele ya pahali chuo ilikuwa, baada ya swala ya alasiri, saa watu wanakaa inje. Sikulazimishi kupiga. Mukamusoni alikuwa anabeba tu, na mama hakumudharau. Mutu akikuuliza ni ngoma ya nani, utamujibu. Ukifika mulangoni, ni yako, peleka kwa Ricky, tundika ku ukuta, sitasema neno. Lakini ni nyekundu, na itabaki nyekundu. Ukiona haya, kaa Kigoma, na ngoma itakaa na Belyse. Watu wa harusi ya Mahoko wamekwisha kumuomba apige.

Kama ukikasirika, kasirika ukiwa njiani.

Nisalimie bibi yako, umuambie zile vitenge amenitumia nilizishona, zimenibana ku mabega, lakini nazivaa. Nisalimie Rashidi. Salimia na jirani yako mwenye kukohoa. Chua magoti. Mwenyezi Mungu akuweke mpaka tuonane, na tusionane ku simu.

Mulango yetu siku hizi ni ya chuma, rangi ya majivu. Usipotee ukitafuta kijani.

Ni mimi mudogo wako,

Kaltumu wa Mwamini,
ingawa mikono ni ya Abdu.